Kujiandaa na LSAT ya kompyuta ukiwa Mwanza: jibu kwa msomaji wa Nyegezi

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Nyegezi. Nilimaliza shahada ya kwanza ya sheria mwaka juzi kwa GPA ya 3.9, na sasa ninafanya kazi katika ofisi ya wakili mmoja hapa mjini Mwanza. Nakusudia kuomba nafasi ya kusoma sheria Marekani, na nimeambiwa kwamba lazima nifanye mtihani wa LSAT, ambao siku hizi uko kwenye kompyuta na hakuna karatasi ya maswali. Tangu shule ya msingi nimesoma kwa kalamu mkononi. Nisipopiga mstari chini ya sentensi, siielewi. Kompyuta mpakato yangu ni ya zamani, umeme wa mtaani kwetu hukatika, na nina miezi sita tu. Nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza kuhusu kompyuta, nami nitafika huko, lakini naomba kwanza tuulizane jambo linaloweza kukuokolea fedha nyingi: unaomba shahada gani? Mtu mwenye shahada ya kwanza ya sheria kutoka Tanzania anaweza kuomba shahada ya uzamili, yaani LLM, ambayo Marekani huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na haidai LSAT. LSAT hudaiwa kwa wanaoomba JD, shahada ya miaka mitatu ambayo Wamarekani wenyewe huisoma baada ya shahada nyingine yoyote. Yako majimbo, New York na California yakiwa miongoni mwake, yanayowaruhusu wanasheria waliosomea nje kufanya mtihani wa uwakili kwa masharti maalumu, na kwa wengi wao LLM ndiyo inayofungua mlango huo. Ukiwa na nia ya kurudi kuwa wakili hapa nyumbani, bado utakutana na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kule Dar es Salaam, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, hata ukirudi na shahada ya wapi. Nimewahi kukaa na kijana aliyesomea LSAT miezi minne, na siku aliponionyesha barua ya chuo alichokuwa anakiomba, tukagundua kwamba chuo hicho hakikuwa kimemwomba mtihani wowote isipokuwa wa Kiingereza. Kwa hiyo soma masharti ya kila chuo kwa jicho la mtu anayesoma mkataba wa mteja. Vilevile vipo vyuo vinavyopokea matokeo ya GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu, badala ya LSAT. Harvard, kwa mfano, walianza kufanya hivyo mwaka 2017.

Nitachukulia kwamba umekwisha kuyapima hayo na unaitaka JD. Basi LSAT itabeba uzito mkubwa kwako kuliko inavyobeba kwa kijana wa Chicago, na sababu ni hiyo GPA yako. Sisi tunahesabu mpaka 5.0, wao mpaka 4.0, na chombo kinachoendesha mtihani huu, Law School Admission Council au LSAC, hakigeuzi alama za chuo cha nje kuwa GPA ya Kimarekani. Nakala za matokeo yako zinazotumwa na chuo chako hukaguliwa na wataalamu wa elimu za kigeni, nao huandika tathmini ya jumla kwamba kiwango chako ni cha juu sana, juu ya wastani, wastani au chini yake. Mkaguzi wa maombi anayekuta tathmini ya maneno upande mmoja na namba kati ya 120 na 180 upande mwingine, jicho lake hukimbilia namba. Ndiyo maana sikushauri ukafanye mtihani huu kwa kujaribu bahati. Idadi ya mara unazoruhusiwa ina kikomo, yaani mara saba maishani na mara tano ndani ya kipindi cha miaka mitano ambacho matokeo huhesabiwa, na vyuo huona matokeo yako yote ambayo hukuyafuta.

Sasa mtihani wenyewe. Ulianza mwaka 1948 na kwa miongo saba ukawa wa karatasi na penseli. Mwaka 2019 ukahamishiwa kwenye tableti, mwaka 2020 janga la UVIKO-19 likaupeleka majumbani, na Agosti 2024 ukapata mabadiliko yanayokuhusu wewe moja kwa moja: sehemu iliyojulikana kama michezo ya mantiki, ile ya kupanga watu saba kwenye viti saba kwa masharti, iliondolewa. Leo mtihani una sehemu nne za dakika 35 kila moja, na mapumziko ya dakika 10 baada ya sehemu ya pili. Sehemu mbili ni za kuchambua hoja, moja ni ya ufahamu wa kusoma, na moja iliyobaki haihesabiwi. Ni maswali ya majaribio ya aina mojawapo kati ya hizo mbili, na hutaambiwa ni ipi, kwa hiyo zote utazifanya kwa nguvu ileile. Nalitaja hili la michezo kwa sababu najua mafaili yanavyosafiri katika makundi ya WhatsApp. Ukitumiwa PDF ya mtihani wa zamani yenye sehemu nne, mojawapo ikiwa ya kupanga viti, ratiba au rangi, iruke sehemu hiyo bila huruma. Sehemu za hoja na za ufahamu katika mafaili hayo bado zinafaa, ila kwako wewe zina kasoro nyingine nitakayoieleza.

Hakuna swali hata moja la sheria. Hili huwashangaza wenye shahada ya sheria, na kusema kweli huwaponza. Miaka minne umefundishwa kuleta kifungu, kesi na maoni yako. LSAT inakutaka uache vyote nje ya mlango, ukae na maneno yaliyo mbele yako, uulize yanabeba nini na hayabebi nini. Nikupe mfano wa nyumbani, maana maelezo ya juu juu hayafundishi. Fikiria kwamba skrini imekuletea maneno haya:

“Wiki iliyopita, shehena ya dagaa iliyopokelewa katika soko la Mwaloni, Kirumba, ilikuwa ndogo kuliko ya wiki iliyotangulia, ingawa idadi ya mitumbwi iliyoingia ziwani haikupungua. Kwa hiyo dagaa wameanza kuadimika katika Ziwa Victoria.”

Unaulizwa: hoja hii inategemea dhana ipi? Nitakupa machaguo matatu tu, ingawa mtihani hutoa matano. La kwanza linasema kwamba dagaa wakiadimika, bei yao hupanda. La pili linasema kwamba upungufu wa dagaa waliofika Mwaloni haukutokana na wavuvi kupeleka sehemu kubwa ya mavuno yao katika masoko mengine. La tatu linasema kwamba hakuna njia nyingine ya kupima wingi wa dagaa isipokuwa kuhesabu shehena sokoni.

Mtu wa Kirumba ataliangukia la kwanza, kwa sababu ni la kweli. Ameliona kwa macho yake na amelilipia kwa mfuko wake. Lakini hoja haikuzungumzia bei, wala haihitaji bei ili isimame. La tatu linavutia wasomi kwa sababu linasikika zito, lakini linadai mno: mtoa hoja anaweza kukubali kwamba zipo njia kumi za kupima, naye akatumia moja. Sasa lichukue la pili ulikanushe. Sema: upungufu ulitokana na wavuvi kupeleka dagaa Musoma na Bukoba. Hoja inaanguka palepale, maana dagaa wapo, ila hawakuja Mwaloni. Chaguo ambalo ukilikanusha hoja inaporomoka ndilo dhana ambayo hoja ilikuwa imeikalia kimya kimya, na njia hii ya kukanusha ni mojawapo ya zana chache ambazo ningetaka uzitumie mpaka ziwe tabia.

Nawajua wasomaji wangu wa ziwani, kuna mmoja tayari anasema, “Lakini Mwalimu, huenda ilikuwa mbalamwezi.” Ni kweli, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti vizuri, kwa hiyo mitumbwi ileile inaweza kurudi na mzigo mdogo. Kama swali lingekuwa lipi kati ya haya linadhoofisha hoja, na mojawapo ya machaguo likasema kwamba wiki iliyopita ilikuwa ya mbalamwezi, hilo lingekuwa jibu safi kabisa. Tofauti ni kwamba hapo chaguo lenyewe ndilo limekuletea habari hiyo, si wewe. Ujuzi wako wa ziwa utakusaidia kutambua kwa nini chaguo lina nguvu, lakini ukianza kuongeza habari ambazo hazipo kwenye skrini, utaweza kutetea chaguo lolote, na mtungaji wa maswali anategemea ufanye hivyo hasa.

Jambo la pili linalowaangusha wengi ni sentensi za masharti, na hapa Kiingereza hutuchezea. Ukikutana na neno “unless” au “only if” katikati ya sentensi ndefu, usilihangaikie kwa Kiingereza. Ligeuze kwa lugha unayoota kwayo. Tuseme kanuni ya kivuko inasema kwamba hakuna gari linalopakiwa isipokuwa limekwisha kupimwa uzito. Kwa Kiswahili cha kawaida: kila gari lililopakiwa kivukoni limepimwa. Basi ukiliona gari ambalo halijapimwa, unajua kwa hakika kwamba halikupakiwa. Lakini ukiliona gari lililopimwa likisubiri ufukweni pale Kamanga, hujui chochote. Huenda litapakiwa, huenda dereva akaghairi na kuzunguka kwa barabara kupitia daraja la Kigongo–Busisi. Asilimia kubwa ya makosa ninayoyaona katika maswali haya ni hilo moja: mtu anasoma “kila lililopakiwa limepimwa” na mkono wake unachagua “kila lililopimwa limepakiwa”. Tafsiri hii ya kichwani itakupunguza mwendo kwa wiki tatu au nne za mwanzo, na utaona kama unapoteza muda. Vumilia, kwa sababu baada ya hapo muundo wenyewe huanza kuonekana bila kupita kwenye Kiswahili, na kasi hurudi ikiwa na faida.

Katika vifungu vya ufahamu fanya jambo linalofanana na hilo. Sehemu hiyo ina seti nne, na mojawapo ni ya vifungu viwili vifupi vinavyosomwa kwa kulinganishwa. Mada hutoka katika sheria, sayansi asilia, sayansi ya jamii na sanaa. Ukimaliza aya, inua macho na useme kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, sentensi moja tu ya kile mwandishi alichodai, kama mtu anayerudi kutoka mkutano wa kijiji na kumwambia bibi yake kilichoamuliwa. Bibi hataki maneno yote. Anataka kujua nani alisema nini, nani alimpinga, na mwenyekiti alielekea upande gani. Ukishindwa kumwambia bibi, aya hiyo hujaisoma, hata kama macho yamefika mwisho.

Na hapo ndipo tunafika kwenye kalamu yako. Umeandika kwamba usipopiga mstari huelewi. Niruhusu nikwambie kwa heshima kwamba huenda umekuwa ukipiga mstari badala ya kuelewa; nami nililijua hilo kwa mwili wangu mwenyewe, nilipohamia kwenye skrini nikagundua kwamba kurasa zangu za zamani zilikuwa zimepigwa mistari karibu kila sentensi, na mstari ulio kila mahali hauonyeshi chochote. Skrini ya LSAT haikunyimi zana. Kifungu au hoja hukaa upande mmoja, maswali upande mwingine. Unaweza kupaka rangi maneno kwa rangi tatu, kupiga mstari, kulifuta chaguo ulilolikataa ili lififie, na kuliwekea swali kibendera ili ulirudie kabla sehemu haijafungwa. Ukubwa wa herufi unaweza kuubadilisha. Saa ya kuhesabu kurudi nyuma ipo juu, na zikibaki dakika tano utaonywa. Ndani ya sehemu moja unaweza kurudi nyuma na kubadilisha majibu unavyotaka; sehemu ikifungwa, imefungwa. Aidha karatasi ya rafu inaruhusiwa, kwa hiyo kalamu yako haikuzikwa kabisa.

Ushauri wangu ni kwamba katika maswali ya hoja upake rangi kitu kimoja tu, hitimisho, na kama lipo neno linalogeuza mwelekeo wa hoja, kama vile lile lenye maana ya “hata hivyo”, ulipigie mstari. Basi. Machaguo unayoyakataa yafute kila mara, kwa sababu jicho lililochoka katika sehemu ya nne hurudi kwenye chaguo lililokwisha kukataliwa na kulisoma kama jipya. Kwenye vifungu virefu paka rangi maoni ya mwandishi mwenyewe kwa rangi moja na maoni ya wale anaowapinga kwa nyingine. Rangi ya tatu sijawahi kuona faida yake.

Mazoezi yafanye kwenye mfumo wenyewe, unaoitwa LawHub. Ni wa LSAC, kufungua akaunti ni bure, na katika akaunti ya bure yamo majaribio kamili kadhaa ya mitihani halisi, kwa sura ileile utakayoikuta siku yenyewe. Ukitaka maktaba yote utalipia ada ya mwaka, lakini usilipe kabla hujayamaliza ya bure kwa namna nitakayoieleza. Hapa ndipo kasoro ya zile PDF za WhatsApp ilipo: zinakufundisha mtihani ambao hutaufanya, kwa macho yanayotembea kwenye ukurasa, na vidole havijifunzi lolote. Kwa upande wa bando usiogope sana, kwa kuwa maandishi hayali data kama video; kinachomaliza bando la wanafunzi wengi ni saa mbili za kutazama watu wakieleza mbinu za mtihani, ambazo kwa maoni yangu robo tatu yake ni maneno.

Kompyuta yako ya zamani itatosha kwa mazoezi ikiwa inafungua kivinjari cha kisasa bila kukwama. Nunua mausi ya kawaida ya waya, uache kutegemea kile kibao cha kugusa, kwa sababu kwenye kituo utawekewa kompyuta ya mezani na mausi. Kisha, ukifika miezi miwili ya mwisho, Jumamosi mbili kwa mwezi toka nyumbani, nenda kwenye intaneti kafe mjini au maktaba, ukae mbele ya kompyuta usiyoizoea, ufanye sehemu nne mfululizo na mapumziko ya dakika kumi tu katikati. Kibodi itakuwa ngumu, kiti kitakuwa kibaya, mtu wa jirani atakuwa anachapisha maombi ya kazi huku akiyasoma kwa sauti. Ndiyo mazoezi ninayoyataka. Anayejipima chumbani kwake peke yake, akiwa na chai pembeni na ruhusa ya kusimamisha saa, anapata alama ambazo hatazikuta popote pengine.

Miezi sita ni muda wa kutosha kwa mtu anayefanya kazi, lakini usiugawe sawasawa. Miezi miwili ya kwanza usiwashe saa kabisa. Swali moja la hoja lichukue dakika sita au kumi ukitaka, mradi ujue kwa nini jibu ni jibu na kwa nini kila mojawapo ya mengine manne si jibu. Hapa watu hunipinga, wanasema muda ndio adui. Hesabu ni kweli inatisha: sehemu ya hoja huwa na takriban maswali 25 ndani ya dakika 35, yaani chini ya dakika moja na nusu kwa swali, na kila seti ya ufahamu hupata dakika nane na robo tatu. Hata hivyo, mtu asiyeweza kulipata jibu kwa dakika kumi hataliona kwa dakika moja.

Kuanzia mwezi wa tatu washa saa kwa sehemu moja moja, na uanze kuweka daftari la makosa, daftari la kawaida la kuandika kwa hiyo kalamu yako uipendayo. Utaratibu wake ndio kiini cha mafunzo yote ninayoyatoa, kwa hiyo naomba uufuate ulivyo. Ukimaliza sehemu, usitazame majibu. Rudi kwanza kwenye kila swali uliloliwekea kibendera au ulilolisitasita, ulifanye upya bila saa, uandike jibu la pili pembeni ya la kwanza. Ndipo ufungue majibu sahihi. Sasa una makosa ya aina mbili. Yale uliyokosa mara ya kwanza ukayapata mara ya pili yanakuambia kwamba uelewa upo, ila haraka imekushinda. Dawa yake ni mazoezi ya saa. Yale uliyokosa mara zote mbili yanakuambia kwamba kuna kitu hukijui, na hayo ndiyo ya kuandikwa kwenye daftari: nilichagua nini, neno gani lilinivuta, na jibu sahihi lilikuwa linasema nini kwa maneno yangu. Mwanafunzi wangu mmoja, mhasibu, alipofikisha kurasa ishirini za daftari hilo aligundua kwamba zaidi ya nusu ya makosa yake yalitokana na kosa moja: alikuwa akichagua machaguo yenye maneno kama “wote” na “kamwe” kila hoja ilipozungumzia “baadhi”. Kwa miezi mitatu alikuwa akiamini tatizo lake ni Kiingereza.

Mwezi wa tano na wa sita ni wa mitihani mizima, mmoja kwa wiki, si zaidi, kwa sababu mtihani mmoja uliochunguzwa kwa jioni tatu unafundisha kuliko mitatu iliyorundikwa. Jizoeze pia kutoacha swali tupu. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo sekunde thelathini za mwisho za kila sehemu ni za kujaza yaliyobaki, hata kwa kubahatisha.

Kuhusu umeme na mahali pa kufanyia, habari imebadilika. Kuanzia 2023 watahiniwa waliruhusiwa kuchagua kati ya nyumbani na kituo, lakini LSAC ilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia mtihani wa Agosti 2026 watahiniwa walio wengi watafanyia kituoni, na kufanyia nyumbani kutabaki kwa wenye sababu maalumu, kama za kiafya au ugumu mkubwa wa kukifikia kituo. Kwa hiyo panga kama mtu atakayesafiri. Tazama orodha ya vituo mapema unapojisajili, uhesabu nauli, na ukilazimika kwenda Dar es Salaam, usifike asubuhi ya mtihani ukitoka kwenye basi lililokimbia zaidi ya kilomita elfu moja. Fika siku mbili kabla. Usajili nao hufungwa wiki nyingi kabla ya tarehe ya mtihani, na ada inazidi dola 200, hivyo kosa la tarehe ni kosa la fedha.

Majina yawe yaleyale. Jisajili kwa majina kama yalivyo kwenye pasi ya kusafiria, kwa mpangilio uleule. Sisi tuna desturi ya cheti chenye majina matatu, kitambulisho chenye herufi moja tofauti, na barua pepe yenye jina la utani. Msimamizi wa kituo hana mamlaka ya kukuelewa. Halafu kuna saa. Binti mmoja niliyemfundisha alisoma kwenye ratiba yake 8:00, akamwambia dereva wa bodaboda amfuate kabla ya saa nane, kwa sababu ndivyo namba ilivyokuwa imekaa kichwani mwake kutwa nzima. Dereva, Mswahili safi, alipanga kuja mchana. Saa moja na nusu asubuhi binti amesimama barabarani na pasi mkononi, anapiga simu ambayo haipokelewi. Alifika kwa pikipiki ya jirani, akiwa amebakiwa na dakika chache na mikono inatetemeka. Andika saa ya mtihani kwa namna zote mbili, ya kwenye tiketi na ya kwetu, na ukipewa saa za Marekani, kumbuka kwamba sisi tuko mbele ya New York kwa saa saba au nane kutegemea majira yao.

Nyumbani kutabaki kwa jambo moja, nalo usilidharau. Pamoja na mtihani wa maswali kuna insha ya hoja, ambayo hufanywa siku nyingine kwenye kompyuta yako mwenyewe, kamera na kipaza sauti vikiwa vimewashwa. Hufunguliwa siku nane kabla ya mtihani. Una dakika 15 za kusoma mitazamo uliyopewa na kupanga mawazo, kisha 35 za kuandika. Insha haihesabiwi katika zile 120 mpaka 180, lakini vyuo huisoma, na usipokuwa nayo kwenye faili lako matokeo yako hayatoki. Hapa ndipo kompyuta ya zamani na umeme wa mtaani vinaweza kukuumiza kweli. Hakikisha betri inakaa saa mbili bila chaji, na kama haikai, ibadilishe au uazime kompyuta nyingine na kuifanyia ukaguzi wa mfumo wiki moja kabla. Andaa simu yenye bando la mtandao tofauti na ule unaoutumia siku zote. Na chagua saa ambayo nyumba imetulia, kwa kuwa mtu akiingia chumbani kuuliza funguo ziko wapi, kamera itamwona na maelezo utatakiwa kuyatoa wewe. Kama mwajiri wako ana chumba chenye mlango unaofungwa na umeme wa akiba, mwombe Jumapili moja. Huko ofisini pia ndiko unakoweza kujizoeza kuchapa: kuanzia wiki hii, ile hoja unayoiandaa kwa kalamu kabla ya kumpa katibu aichape, ichape mwenyewe tangu sentensi ya kwanza.